Mbawa za Kukawia

Juu ya Ivybridge, mto ushukapo kwa makelele,
kuna msitu wa mialoni mifupi, migongo imepinda,
mawe yake yamejifunika kuvumwani hadi masikioni.
Humo tumezika vikombe arobaini na nane,
midomo yao sawasawa na udongo:
apitaye usiku bila kutazama, ametumbukia.

Asubuhi Bi Luscombe huchutama, magoti yakilia.
Alikuwa tarishi wa bonde hili miaka thelathini,
anajua nani anakaa wapi.
"Hapa yupo," husema. "Hapa alihama."
Mimi naandika.

Chini ya gogo lililolala tangu kabla sijazaliwa: tisa.
Weusi tititi, mpaka jua liwaguse,
ndipo wino wa buluu unapowavuja mgongoni.
Ukingoni, upepo unapoingia na kukausha majani: wawili.
Ng'ambo ya barabara, kwenye misonobari
iliyopandwa mistari kama daftari la hesabu,
pakavu, pakimya, pamefagiwa na kivuli:
sufuri.
Sufuri.
Sufuri, na kizibo cha chupa.

Lugha yangu humwita mbawakawa.
Huyu mbawa anazo, ila hazifunguki;
zimemkalia mgongoni kama kawa juu ya sinia,
na ukifunua, hamna cha kurukia.
Nikawaza labda aliyempa jina
alikusudia kawa ile nyingine, ya kuchelewa:
mbawa zilizokawia njiani
na hazijafika hadi leo.
Basi kila aendako ni kwa miguu,
na miguu yake huuliza kwanza:
pana unyevu? pana gome lililobanduka?
pana konokono wa kutafuna?
Jibu likiwa hapana, habishani. Hugeuka.

Usiku mmoja wa Mei nilimkuta ukingoni mwa lami.
Alinyoosha papasi moja,
akaigusa kama mtu ajaribuye maji ya kuoga,
akarudi.
Mita saba. Nilizipima mwenyewe.
Nikamwinua kiganjani; mzito kuliko nilivyodhani,
akanitemea harufu ya siki.
"Nimvushe?"
"Mvushe," akasema Bi Luscombe. "Na mkewe?
Na chakula chao? Na uozo wa miaka mia mbili,
huo utaubeba kwa mkono upi?"

Nikamrudisha kuvumwani.
Wala sitaki kujifananisha naye.
Mimi nilikuja kwa ndege,
na wiki ya kwanza tu, dukani Plymouth,
nikakuta unga wa sembe.

Kwetu husema: kawia ufike.
Methali haikusema neno
kuhusu njia iliyokatwa.

Kisha Julai, kikombe cha thelathini na moja.
Hicho tulikizika kwa ubishi wangu,
si msituni, bali chini ya ugo wa kale
ushukao malishoni kwa Bwana Northcott,
mawe na udongo, kichwani miiba na kangaga,
kondoo huku, kondoo kule.
Nilichungulia nikitarajia maji ya mvua.
Mmoja.
Buluu yake imepakaa tope.

Bi Luscombe akakaa chini palepale, suruali na yote.
Akautazama ugo ukiteremka, ukipinda,
ukigusa kile kijisitu cha bondeni
ambacho hatukuwahi kukihesabu.
"Anapeleka barua," akasema,
na kwa muda hakusema kingine.

Mambo yanayojulikana ni haya:
Bwana Northcott anataka shamba moja badala ya mawili,
mashine ya kung'oa ugo inakuja Ijumaa,
leo ni Jumanne.
Tunashuka kwenda kwake, viatu vizito,
yeye mbele, mimi nyuma na kikombe.
Nimekifunika kwa kiganja,
na ndani yake kuna anayekwaruza,
polepole, bila kuchoka,
akitafuta upande wenye unyevu.